Mmegombana na kikundi kilichokupa paka au mbwa? Anza hapa kabla hamjafika mbali

Juzi nimepigiwa simu na mama mmoja wa Maweni analia, kikundi cha kuokoa wanyama kilichompa mbwa kimemwandikia kwamba kesho asubuhi kinakuja kumchukua, na watoto washamzoea wanalala wakimtaja. Wiki hiyo hiyo dada anayejitolea kwenye kikundi ananiambia yeye naye amechoka, alipeleka paka kwa familia moja Muyeye, baada ya miezi 3 anaulizia hali anajibiwa tu "alitoroka", na siku alipotoroka hakuna aliyempigia hata simu. Hawa wote wawili nawajua na wote wanawapenda hao wanyama kweli kweli.

Mimi nimekaa pande zote mbili. Nilichukua paka kwanza nikagombana na walionipa, na sasa nasaidia kutafutia paka na mbwa nyumba hapa Malindi, na magomvi niliyoyaona karibu yote yanarudi kwa swali moja ambalo siku ya kwanza hakuna aliyeliuliza: huyu mnyama nimepewa au nimewekeshwa? Ukipewa kitu ni chako. Ukiwekeshwa ni amana, mwenyewe akija kuulizia unamjibu, na wewe ukishindwa unarudisha bila mtu kukulaumu. Familia inatoka na kikapu ikijua imepewa, kikundi kinabaki kikijua kimewekesha, na ile karatasi iliyosainiwa hapo katikati imeandikwa Kiingereza.

Yangu ilikuwa hivi. Alasiri moja mamangu yuko barazani anachambua mchele, wakaja watu wawili wa kikundi na kile kikapu cha plastiki chenye mlango wa waya. Mama akawakaribisha, akatuma mtoto chai na mahamri, hajui wamekuja kwa nini. Yule mkubwa wao akatoa simu akatuonyesha picha, paka wetu Kashata yuko juu ya bati la jirani amejinyoosha juani. Akasema fomu inasema paka hatoki nje. Nikaingia ndani kuitafuta hiyo fomu, nikaikuta imekunjwa ndani ya bahasha ya risiti za stima, ukurasa wa 2, na kweli imeandikwa, na sahihi yangu iko chini yake. Sasa nyumba yetu madirisha ni ya nondo tupu, usiku wa kaskazi kwa joto lile hakuna anayefunga dirisha, na paka anapita kwenye nondo kama upepo. Hilo sharti kwetu lisingewezekana hata siku moja na ningelisoma ningewaambia pale pale. Mama Kiingereza chao hakielewi, aliona tu hawanywi, akawa ananiuliza kwani chai haina sukari. Nikawapa maneno makali, wao wakaposti picha ya nyumba yetu kwenye grupu, ikachukua wiki 3 mpaka tukakaa chini. Haya ninayoandika hapa mengi niliyakosea mimi mwenyewe kwanza.

Hatua ya 1: Mnyama kwanza, majibu baadaye

Kabla hujajibu meseji yoyote hakikisha mnyama ana maji, ana chakula, na yuko mahali unapomjua. Usimfiche. Hili ndilo kosa kubwa la familia, mtu anaogopa kunyang'anywa anampeleka paka kwa binamu Mambrui, paka wa mahali pageni anatoka mbio usiku wa kwanza, na hapo hata kama ulikuwa na haki huna tena cha kusema. Usimtoe nje kwa hasira pia. Na kama ni mgonjwa mpeleke kwa daktari wa mifugo leo, weka risiti, nani atalipa mtabishana akishatibiwa.

Kwa wa kikundi: usiende kwa mtu na kikapu bila kusema. Nyumba ya watu inabishwa hodi, na ukija na kikapu ushatoa hukumu kabla hujasikia neno.

Kama ugomvi umeanza kwa sababu mbwa ameng'ata mtu, hapo ugomvi wote weka pembeni. Jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, saa hiyo hiyo, halafu hospitali siku hiyo hiyo waamue kuhusu sindano za kichaa cha mbwa, hata kama kidonda ni kidogo na hata kama mmeambiwa mbwa amechanjwa. Mbwa asiuawe na asirudishwe kwenye kituo cha kikundi kimya kimya, afungiwe mahali salama aangaliwe siku 10, manake mbwa aliyekuwa na uwezo wa kuambukiza siku aliyong'ata huonyesha dalili au hufa ndani ya siku hizo. Waambieni na maofisa wa mifugo wa kaunti. Nimeona familia inamrudisha mbwa usiku kwa aibu na kikundi kinampokea bila kuuliza, mtoto aliyeng'atwa akabaki hana hata mtu wa kumwambia mbwa yuko hali gani.

Hatua ya 2: Isome karatasi upya, na mtu anayeielewa

Itafute. Kama huioni waombe wakutumie picha ya nakala yao. Kaa na mtu anayeijua lugha yake vizuri, msome mstari kwa mstari, na mtafute haya: je, inasema mnyama ni mali ya nani? Wanaweza kumchukua tena wakati gani na kwa sababu gani? Wanaruhusiwa kuja kukagua na wanatoa taarifa siku ngapi kabla? Kufunga kizazi ni lini na kwa pesa za nani? Ukishindwa kumlea unampeleka wapi? Zile hela ulizotoa siku ya kwanza zimeandikwa ni za nini, mchango, chanjo, au bei?

Usitegemee kusema "sikuelewa nilichosaini". Sahihi ni sahihi, ukishaiweka inahesabika umekubali, na ndo maana nawaambia watu wasisaini kitu wakiwa wamesimama mlangoni kituoni tuktuk inawangoja. Lakini kikundi nacho kinachompa mama wa watu fomu ya Kiingereza bila kumsomea kwa Kiswahili, halafu baada ya miezi kinamshika kwa mstari wa ukurasa wa pili, mimi siwezi kukiita cha haki. Kuisoma fomu kwa sauti ni dakika 10.

Hakuna karatasi kabisa? Meseji na voisi noti za siku hizo ndizo karatasi yenu. Usizifute. Makubaliano ya mdomo nayo ni makubaliano, shida yake ni kuyathibitisha.

Hatua ya 3: Andika tarehe

Chukua daftari. Alikuja lini, akaanza kuumwa lini, mkampeleka wapi, mkaambiwa nini, mkalipa ngapi. Hapa nitakaa kidogo manake ugomvi mwingi wa pesa ni huu, mtoto wa mbwa anakuja mzima, siku ya tano anatapika na kuhara damu, wiki haijaisha amekufa, familia inasema mmetupa mgonjwa na kikundi kinasema hamkumtunza.

Parvo ya mbwa, ule ugonjwa wa virusi wa kutapika na kuhara damu, na ile tauni ya paka inayofanana nayo, kwa kawaida huchukua chini ya wiki 2 tangu kuambukizwa mpaka dalili kutokea. Kwa hiyo mtoto wa mbwa aliyeanza kuumwa siku ya 4 kuna uwezekano mkubwa alikuja nayo, hata kama alipotoka kituoni alikuwa anacheza na hakuna aliyedanganya mtu. Aliyeanza kuumwa siku ya 40 ameipata kwenu au mtaani kwenu. Hii haimalizi kesi, ila inawapa pa kuanzia badala ya kuitana waongo.

Angalia na kadi ya chanjo. Neno "amechanjwa" lina mambo mengi ndani yake. Watoto wa mbwa na paka hurudiwa chanjo kila wiki 3 hadi 4 mpaka wafike kama wiki 16, kwa hiyo aliyepigwa sindano moja bado hajakingwa vizuri na familia inatakiwa iambiwe tarehe ya inayofuata. Ya kichaa cha mbwa huanza akifika miezi 3, halafu hurudiwa. Kama kadi ina sindano moja na hakuna aliyekuandikia tarehe ya pili, hapo kikundi kina cha kujibu. Kama tarehe iliandikwa na wewe hukwenda, una cha kujibu wewe.

Na kuna hili linaniuma sana. Paka ana viroboto, baba anaenda dukani ananunua dawa ya viroboto ya mbwa, anampaka paka. Nyingi ya dawa hizo zina permetrini, na permetrini kwa paka ni sumu, anatetemeka mwili mzima, anaweza kufa. Familia inadhani kikundi kimewapa paka mwenye kifafa, kikundi kinadhani familia imemtesa, na hakuna aliyeuliza juzi mlimpaka nini. Ulizeni. Na ikiwa ndo hilo, daktari haraka.

Hatua ya 4: Ongea na mtu mmoja, sio grupu

Grupu la WhatsApp lina watu 200, nusu yao hawajawahi kukuona, na kila mmoja atakuwa na neno. Ukishatukanwa mbele ya watu 200 huwezi tena kukubali kosa hata kama unalijua. Toka hapo umwandikie mtu mmoja mwenye uamuzi.

Hapa Malindi kuna la zaidi. Vikundi vingine vinasimamiwa na wageni, na mvua za masika zikianza, mwezi wa nne mpaka wa sita, hoteli zinafunga na wengi wao wanarudi Italia. Uliyesaini naye hayupo, aliyebaki ni kijana wa kulisha mbwa ambaye hana ruhusa ya kuamua chochote, na wewe unamfokea yeye. Msimfokee. Muulize kwa upole nani ameachiwa maamuzi, upate namba, uandike kitu kama hiki:

"Salaam aleikum dada. Ni mimi wa Barani niliyechukua yule mbwa jike mweusi mwezi wa nane. Nimepata meseji yenu. Mbwa mzima, anakula, hii picha ni ya leo asubuhi. Nimesoma fomu nimeona mnasema asifungwe kamba mchana. Tunamfunga saa mbili mpaka saa kumi manake geti halishiki vizuri na jirani ana kuku. Naomba mje Jumamosi saa kumi jioni muone mahali penyewe tujue tufanyeje. Mpaka hapo yuko kwangu na simpeleki popote."

Ona hiyo meseji haijaomba msamaha wala haijatukana, lakini anayeisoma anajua mnyama yuko hai, anajua sababu, ana siku na saa ya kuja. Na wa kikundi akimwandikia mama mtu mzima aanze na shikamoo, aulize hali ya nyumba, ndo aje kwenye la paka. Ukimrukia mama wa watu na "tumeona umevunja mkataba" atakublok na mimi nitamwelewa.

Hatua ya 5: Kipi cha kukubali, kipi cha kubishania

Kufunga kizazi, kubali. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi 4 tu na anabeba kama miezi 2, kwa hiyo yule mtoto uliyemchukua mwezi wa kwanza anaweza kuwa na watoto wake kabla mwaka haujaisha nusu, na wengine tena baadaye, nendeni soko la samaki mkaone wanavyoishi wale wasio na mwenyewe. Wako wanaoogopa kwa sababu ya dini. Wanavyuoni wamelizungumza na wako wanaoruhusu maadamu mnyama hadhuriki, muulize shekhe unayemwamini, na kikundi kisikudharau kwa kuuliza. Gharama ndiyo ya kuzungumziwa, wengi wanakataa kwa kuwa hawana pesa na wanaona haya kusema, kwa hiyo sema.

Chakula, hapa kikundi kilegeze. Kumwambia mtu wa Kisumu Ndogo lazima anunue chakula cha pakiti cha supamaketi kila mwezi ni kumwambia arudishe. Mbwa anaweza kuishi vizuri na sima yenye samaki au nyama ya kutosha. Paka ndo hawezi kuishi kwa sima, mwili wake unataka nyama au samaki, kwa hiyo vichwa vya samaki na dagaa visikose. Na wote wawili, mbwa na paka, wasipewe mchuzi wenye vitunguu, ni sumu kwao.

Kutoka nje, pimeni nyumba. Nyumba iliyo kando ya barabara kuu yenye matatu na boda siku nzima sio sawa na nyumba ya uchochoroni.

Mbwa kwenye mtaa wa Waislamu, hili nasema kwa vikundi zaidi. Sisi Mashafii mate ya mbwa yakigusa chombo tunaosha mara 7, moja kwa udongo, na majirani tunashea koridoo na ngazi na mahali pa kuanika. Mtu anaweza kumpenda mbwa na kumweka kwa ulinzi bila shida ikiwa kuna ua wake, lakini kumpa mbwa mkubwa mpangaji wa chumba kimoja bila kumuuliza mwenye nyumba ni kutafuta ugomvi ambao haujazaliwa. Familia ikirudi kusema majirani wamekataa, msiwaite watupaji.

Hatua ya 6: Mtafute mtu wa katikati

Mzee wa mtaa, wa Nyumba Kumi, imamu, mwalimu wa watoto, yeyote ambaye pande zote mbili zitanyamaza akisema. Daktari wa mifugo ni mzuri sana kwa mambo ya afya maana anamkagua mnyama pale pale na maneno yanapungua. Msione hii ni njia ya watu wasiojua sheria, katiba yenyewe, ibara ya 159, inazitaka mahakama zikuze suluhu na usuluhishi na njia za kimila.

Sisi kwa Kashata tulikaa nyumbani kwa mzee mmoja jirani, akasikiliza kote, akauliza swali moja: "Huyo paka mwenyewe anakonda au ananenepa?" Akaletwa. Yule dada wa kikundi akambeba, akampapasa mbavu, akaangalia masikio na ufizi, akanyamaza. Akasema ananenepa. Tukakubaliana tuweke wavu wa waya dirisha la chumba kimoja, Kashata aingizwe ndani maghrib na asitoke mpaka kumekucha, wao waje mara moja kila miezi 3 kwa taarifa, picha ya nyumba itolewe grupuni. Tukaandika kwa Kiswahili nakala 2 na wote tukasaini. Mstari wa kwanza mzee alituandikisha: "Paka huyu ni amana kwa miezi 6, baada ya hapo ni wa nyumba hii." Tangu siku hiyo kila ninayemsaidia kuandika fomu namwambia aanze na mstari kama huo, miezi iwe mingapi watakavyo.

Hatua ya 7: Sheria, ikibidi

Kwa sheria ya Kenya mnyama ni mali, kwa hiyo anayedai ni wake, awe kikundi au familia, njia yake ni mahakama, haruhusiwi kuruka ukuta. Ibara ya 31 ya katiba inakulinda nyumba yako isipekuliwe na vitu vyako visichukuliwe hivi hivi tu, na kujitolea kwenye kikundi hakumpi mtu mamlaka ya polisi. Mahakama ya madai madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, pamoja na kudai kurudishiwa kitu kinachohamishika au pesa za matibabu, unaweza kujisimamia bila wakili, na hukumu inatakiwa itoke ndani ya siku 60.

Kikundi kikiposti namba yako ya simu au picha ya nyumba yako, kuna sheria ya ulinzi wa data ya 2019 na kuna Kamishna wa Data wa kupelekewa malalamiko. Waombe kwanza waitoe, kwa maandishi.

Lakini mateso ni jambo lingine kabisa. Mbwa amefungwa juani bila maji, amepigwa, ana kidonda kimeingia funza na hakuna anayejali, hapo kuna Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, ripoti polisi, na waambie serikali ya kaunti manake ustawi wa wanyama katiba imeuweka chini ya kaunti. Kikundi kikienda kuripoti hayo niko nacho, hata aliyeripotiwa awe ndugu yangu.

Hatua ya 8: Mkikubaliana arudi

Mpeleke asubuhi kukiwa na baridi. Mpe na kitambaa anacholalia bila kukifua, harufu yake itamtuliza huko kwenye kelele za wengine. Andika kwenye karatasi anakula nini na saa ngapi, anaogopa nini, mmemzoesha jina gani, na uambatanishe kadi ya chanjo. Wa kikundi wakupe maandishi mafupi kwamba wamempokea na hali aliyokuja nayo, mkasaini wote. Watoto waambie ukweli kabla hajaondoka na uwaache wamuage, usiwadanganye alitoroka, watamtafuta mtaa mzima jioni mpaka jioni. Wiki ikipita piga simu uulize anaendeleaje, na wa kikundi mpokee hiyo simu.